Muulize Daktari: Dawa ikishapata kibali, nani anaiangalia?

Katika toleo lililopita niliandika kwamba chama chochote cha madaktari kinachojiheshimu lazima kiwe na msimamo wa wazi kuhusu dawa: ziruhusiwe kwa ushahidi gani, ziuzwe na nani, na nani awajibike zinapodhuru. Niliandika kama daktari wa magonjwa ya ndani ambaye kwa miaka mingi nimekaa kwenye kamati ya dawa ya hospitali nikisoma ripoti za madhara. Barua zimemiminika, na nyingine zina hasira. Nimechagua hizi. Majina nimeyaacha, kama wenyewe walivyoomba.

Daktari, nakusoma kila mwezi lakini safari hii umenikwaza. Mimi ni mtu mzima, nina akili timamu. Nikitaka dawa, kwa nini nipitie kwa daktari, kisha kwa mfamasia, kisha nisubiri mamlaka inayochukua miaka kuiruhusu? Watu wanakufa wakisubiri. Na ninyi madaktari mnaingia kwenye mambo ya sheria kutafuta nini? Naona mnalinda ulaji wenu.

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na nitalijibu kwa kirefu kuliko mengine yote.

Mwaka 1937 huko Marekani kulikuwa na dawa iitwayo salfanilamaidi. Ilikuwa dawa mpya na nzuri kweli. Ilitibu maambukizi ya bakteria ambayo kabla yake yalikuwa yanaua watu hivi hivi. Ilipatikana kama vidonge na unga. Wauzaji wa kampuni ya S. E. Massengill wakaleta habari kwamba wateja wanataka ya maji. Mkemia wa kampuni akatafuta kitu cha kuiyeyusha, akapata daiethilini glaikoli, akatia ladha ya tunda la rasiberi. Wakaipima ladha, wakaipima harufu, wakaangalia rangi yake. Kama inaua hawakupima, na sheria ya wakati ule haikuwadai wapime.

Daiethilini glaikoli inaharibu figo. Mgonjwa anaanza kutapika, tumbo linamuuma, mkojo unakatika, na baada ya siku kadhaa za mateso anafariki. Walikufa watu zaidi ya 100, watoto wakiwemo. Waliopiga kelele kwanza walikuwa madaktari wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, walioona wagonjwa wao wakifa kwa namna moja. Waliwasiliana na Chama cha Madaktari cha Marekani, na maabara ya chama hicho ndiyo iliyobaini sumu. Serikali ilipotaka kuiondoa dawa sokoni, haikukuta kifungu chochote kinachokataza kuuza dawa inayoua. Kifungu kilichopatikana kilihusu lebo tu: chupa iliandikwa kwa jina la aina ya dawa zenye kilevi, na ndani hakikuwamo kilevi. Kwa kosa hilo la lebo ndipo chupa zikakusanywa. Sheria ya kudai usalama uthibitishwe kabla dawa haijauzwa ilipitishwa mwaka uliofuata, 1938.

Sasa niambie, mtu mzima mwenye akili timamu angeitambuaje sumu ile? Ilikuwa tamu. Na wasidhani wasomaji wetu kwamba hayo ni ya kale. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Walifariki makumi ya watoto kwa figo kushindwa kazi. Ni kemikali ile ile ya mwaka 1937, baada ya miaka 85. Huingia kwa sababu viyeyushi halali kama gliserini na propilini glaikoli vinaweza kuchanganywa na vitu vya bei nafuu vinavyofanana navyo kwa macho na kwa utamu, na kiwanda kisipopima kila pipa la malighafi kinaloingiza, hakuna atakayejua. Ndiyo maana tunadai mamlaka zenye maabara na wakaguzi wenye uwezo wa kufunga kiwanda. Mamlaka isiyo na maabara hubaki kuamini makaratasi ya muuzaji.

Kuhusu ulaji wetu, sitakuficha kitu: vyama vya madaktari navyo vimewahi kusimama upande usiofaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, sheria ilipopendekezwa Marekani kwamba kampuni ithibitishe dawa inafanya kazi, zaidi ya kuthibitisha kuwa ni salama, Chama cha Madaktari cha Marekani kilipinga. Kilisema daktari ndiye anayejua, katika matumizi yake, kama dawa inafaa. Msimamo huo ulikuwa mbaya. Daktari mmoja na mgonjwa mmoja hawawezi kujua. Mgonjwa anapona mafua kwa siku saba bila kitu, anasifu dawa aliyomeza siku ya tano, na daktari anafurahi pamoja naye. Ukitaka kujua ukweli unahitaji makundi mawili ya watu, moja limepewa dawa na moja halikupewa, na matokeo yahesabiwe bila upendeleo. Sheria ilipita mwaka 1962.

Kilichoipitisha ni thalidomaidi. Ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kwa ajili ya usingizi, na kina mama wajawazito wakapewa kwa kichefuchefu. Watoto wapatao 10,000 duniani walizaliwa na viungo vilivyodumaa au pasipo viungo. Marekani iliponea kwa sababu Dkt. Frances Kelsey, aliyekuwa mgeni kazini katika mamlaka yao ya dawa, alikataa kutia saini. Kampuni ilimsumbua miezi mingi, naye akaendelea kuomba ushahidi. Jambo ambalo watu hawalisimulii ni kwamba kilichomwongezea shaka ni barua fupi katika jarida la British Medical Journal, mwishoni mwa mwaka 1960, iliyoandikwa na Dkt. Leslie Florence, daktari wa kawaida wa huko Scotland. Aliona wagonjwa wake wachache waliotumia dawa ile kwa muda mrefu wanalalamika ganzi mikononi na miguuni, akauliza kama dawa ndiyo chanzo. Hakuwa na utafiti wala maabara. Alisikiliza wagonjwa wake, kisha akaandika.

Hiyo ndiyo imani yangu kuhusu kazi hii yote, na ndiyo itakayojirudia katika majibu yangu mengine: aliye karibu na mgonjwa akiona jambo, aliandike, na aliye na madaraka alisome.

Kuhusu ucheleweshaji, hapo nakubaliana nawe kwa sehemu. Kwa ugonjwa unaoua haraka na usio na tiba, dawa iruhusiwe mapema kwa ushahidi mchache, ila kwa sharti: kampuni ikamilishe utafiti kwa tarehe iliyoandikwa, ikishindwa kibali kifutwe. Ninachokipinga ni kibali cha haraka kinachosahaulika kabatini, dawa ikaendelea kuuzwa mwaka hadi mwaka bila jibu.

Na antibayotiki? Hapo sina pa kulegea. Chama cha Madaktari Duniani kinashikilia kwamba zitolewe kwa cheti cha daktari au mtaalamu mwenye leseni. Dawa ya presha ukiitumia vibaya unajiumiza wewe. Antibayotiki ukiitumia ovyo, bakteria sugu watakaozaliwa mwilini mwako hawatabaki kwako. Watamfikia mtoto mchanga wa jirani ambaye hakumeza hata kidonge kimoja.

Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka minne. Akipata kikohozi na homa huwa nampa dawa ya maji iliyobaki kwa kaka yake mwenye miaka 13, nusu ya kipimo, kwa kijiko. Shemeji yangu ameniambia niache. Kweli kuna ubaya?

Marahaba mwanangu. Shemeji yako yuko sahihi.

Anza na kijiko. Vijiko vya nyumbani havilingani: kimoja kinabeba mililita tatu, kingine saba, na ukikijaza kwa mkono unaotetemeka usiku wa manane hata wewe hujui umempa ngapi. Mwaka 2015 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa msimamo kwamba dawa za maji za watoto ziandikwe, zipimwe na zielezwe kwa mililita peke yake, na vijiko viondoke kabisa kwenye lebo na kwenye vyeti. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Vuta hadi juu ya kiasi, geuza ncha juu, gonga kwa kidole mapovu yapande, kisha sukuma taratibu mpaka ukingo wa mpira ugote kwenye mstari. Mtoto mpe upande wa ndani wa shavu, kidogo kidogo, asije akapaliwa.

Halafu hiyo nusu. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa kilo zake. Mtoto wa miaka minne anaweza kuwa na theluthi moja tu ya uzito wa kaka yake.

Linalonitisha zaidi ni lile usilolisema: kuna nini ndani ya chupa hiyo? Soma lebo. Ukiona kodini, dawa ya maumivu na kikohozi, usimpe. Ini hubadilisha kodini kuwa mofini, dawa kali ya maumivu inayopunguza pumzi, na kuna watu, tena hawajijui, ambao ini lao huibadilisha kwa kasi kubwa mno. Mtoto wa namna hiyo akipewa dozi ya kawaida anaweza kulala usingizi mzito na pumzi ikakata. Mwaka 2013 mamlaka za Ulaya na Marekani zilianza kuizuia kwa watoto baada ya vifo vya waliotoka kufanyiwa upasuaji wa tezi za koo, na mwaka 2017 Marekani ikaipiga marufuku kabisa kwa maumivu na kikohozi kwa walio chini ya miaka 12. Kodini ilikuwa imetumika kwa watoto vizazi na vizazi kabla ya hapo. Muda mrefu sokoni si ushahidi wa usalama, kama hakuna aliyekuwa anahesabu.

Ukiona aspirini, vile vile usimpe mtoto mwenye homa. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaovimbisha ubongo na kuharibu ini. Uingereza hawaruhusu itumike kwa walio chini ya miaka 16 ila kwa amri maalumu ya daktari. Na ukiona parasetamoli, kumbuka kama tayari umempa ya homa kutoka chupa nyingine. Wazazi wengi wanaozidisha parasetamoli hawajakosea kipimo. Wamempa mtoto dawa mbili zenye kitu kimoja ndani.

Chupa iliyobaki irudishe famasi uliyoinunua, waulize kama wanapokea dawa za kuharibiwa. Nyingine zote zikae juu, zimefungwa kwa kizibo kile cha kubonyeza na kuzungusha. Kizibo hicho alikihangaikia daktari wa watoto wa Kanada, Henri Breault, mwaka 1967, baada ya kuchoka kupokea watoto waliomeza vidonge vya wakubwa.

Mimi ni muuguzi. Wiki iliyopita daktari aliandika insulini yuniti 6 kwa kuweka namba na herufi U. Ile U ilifanana na sifuri, na mwenzangu aliyekuwa zamu akaandaa yuniti 60. Niliona kabla hajachoma. Tumenyamaza wote watatu. Nikiripoti nitaonekana namchongea mwenzangu, na hakuna aliyeumia. Nifanye nini?

Ripoti, tena leo. Umeokoa maisha ya mtu mmoja, na karatasi yako itaokoa ya wale ambao hutakuwapo zamu yao.

Kosa hilo si geni hata kidogo. Marekani, chombo kinachokagua ubora wa hospitali kiliweka herufi U katika orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa tangu mwaka 2004, kwa sababu ile ile uliyoiona kwa macho yako. Andika neno zima, yuniti. Orodha hiyo inakataza pia kuandika 1.0, maana nukta ikififia inasomeka 10, na inadai sifuri mbele ya nukta, 0.5, maana nukta tupu ikifutika inakuwa 5. Ni makosa ya wino, na yanaua watu.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu madaktari wanisikilize. Msimamo wa taaluma yetu kuhusu makosa ya dawa umebadilika, na umebadilika kwa sababu nzuri. Zamani tulimtafuta mwenye kosa, tukamwadhibu, tukaamini tumemaliza. Mwezi uliofuata kosa lile lile lilifanywa na mtu mwingine, mchapakazi na mwangalifu kama yule wa kwanza. Chukua methotreksati. Kwa ugonjwa wa viungo humezwa mara moja kwa wiki. Mgonjwa amezoea kwamba vidonge humezwa kila siku, mwandishi wa cheti kidole kinamponyoka, mfamasia ana foleni ndefu, na mgonjwa anaimeza kila siku mpaka chembe zake za damu zinakwisha. Ukimfukuza mfamasia hujazuia chochote. Ukiandika siku kwenye lebo, “Jumatatu tu”, ukaweka mfumo wa kompyuta ukatae dozi ya kila siku, ukatoa vidonge vya wiki chache tu kwa wakati mmoja, hapo umezuia. Vivyo hivyo kloridi ya potasiamu iliyokolea, ambayo ikichomwa bila kuchanganywa husimamisha moyo: hospitali makini huiondoa kabisa kwenye makabati ya wodi, ili asiwepo wa kuichukua akidhani ni maji ya kuchanganyia sindano. Na majina yanayofanana, kama haidroksizini ya mwasho na haidralazini ya presha, yasikae rafu moja.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zipunguze kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Lilikadiria kwamba makosa ya dawa yanaigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Lengo kama hilo haliwezi kukaribiwa hospitali zikiwa zinawatisha wauguzi. Fomu ya kuripoti isiwe na nafasi ya jina la aliyekosea. Iulize nini kilitokea, kiligunduliwaje, na nini kingekizuia.

Mwambie mwenzako kabla ya kuripoti, kwa upole, mkiwa wawili. Mwambie na daktari. Kama ni daktari wa kweli atashukuru. Asiposhukuru, ripoti vile vile.

Mwanangu daktari, nina miaka 74. Nameza vidonge vya aina tisa: vya presha, vya moyo, vya kisukari, vya kuzuia damu kuganda, vya tumbo, vya usingizi, vingine nimesahau vya nini. Nimewaona madaktari wanne tofauti. Siku hizi nayumba nikisimama na nimeanguka mara mbili. Mke wangu anasema ni uzee. Niache vyote?

Shikamoo mzee wangu. Usiache vyote, na usiache chochote kwa ghafla. Baadhi ya dawa za moyo, za kifafa na za jamii ya steroidi zikikatizwa ghafla hurudisha ugonjwa kwa kishindo. Lakini pia usikubali kuambiwa ni uzee kabla mtu hajaviangalia vidonge hivyo.

Weka kila kitu kwenye mfuko mmoja. Kila kitu: vya hospitali, vya kununua mwenyewe, vitamini, dawa za mitishamba, matone ya macho. Nenda nao kwa daktari mmoja, na umwombe muda wa kuvipitia. Mimi huwamwagisha wagonjwa wangu mfuko mezani, tunapanga maboksi mstari mmoja mmoja. Kuna siku maboksi mawili, moja la bluu na moja la kijani, yenye majina mawili ya biashara, yalikuwa na dawa moja ya presha ndani yake. Mgonjwa aliandikiwa na madaktari wawili na alikuwa anameza dozi maradufu kwa utiifu kamili. Ukigeuza boksi, jina halisi la dawa liko chini ya jina la biashara, kwa herufi ndogo. Naudhika kila nikiziona herufi hizo. Jina halisi liandikwe kwa ukubwa, na hilo ninaliunga mkono kwa nguvu zangu zote.

Ukiwa hapo uliza hasa kuhusu kidonge cha usingizi. Orodha ya Beers, iliyoanza kutungwa mwaka 1991 na ambayo sasa inasimamiwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, inataja dawa zinazofaa kuepukwa kwa wazee. Nyingi za usingizi zimo, pamoja na zile za mzio za kizamani zinazoleta usingizi. Huchanganya akili na huangusha watu. Muulize pia daktari akupime presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama. Ikishuka sana ukisimama, huenda tumepata mwizi wetu. Na kama ile ya kuzuia damu kuganda ni wafarini, usinunue ibuprofeni kwa ajili ya mgongo bila kuuliza. Zikikutana zinaweza kukutoa damu tumboni.

Kwa kila boksi uliza maswali mawili tu: hii ni ya nini, na bado naihitaji?

Mfamasia alinipa dawa ya kifafa yenye jina tofauti na ninayoijua, akasema ni ile ile na ni nafuu. Niamini?

Kwa dawa nyingi, amini. Dawa isiyo ya kampuni ya kwanza hairuhusiwi mpaka ithibitishe kwamba inafika kwenye damu kwa kiasi na kasi vinavyolingana na ile ya awali, ndani ya mipaka iliyowekwa na kupimwa kitakwimu. Ninaziandika kila siku, na ningewapa ndugu zangu.

Kifafa ni suala jingine kidogo. Kwa baadhi ya dawa zake, kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru, au kisichotosha, viko karibu sana. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilizigawa dawa za kifafa makundi matatu: zile ambazo mgonjwa abaki na kampuni moja, zile ambazo daktari na mgonjwa waamue pamoja, na zile ambazo kubadilisha hakuna shida. Huo ndio msimamo ninaoupenda, unaoitazama dawa moja moja badala ya kusifu au kukataa zote kwa mkupuo. Muulize daktari wako dawa yako iko kundi gani. Kama umekaa muda mrefu bila degedege, mwambie mfamasia asibadilishe kabla hajaongea na daktari.

Kwa nini dawa nyingine zinatangazwa kwenye televisheni na nyingine hazitangazwi? Si ni haki yetu kujua?

Kujua ni haki yako, ila tangazo limetengenezwa likuuzie. Dawa zinazohitaji cheti haziruhusiwi kutangazwa kwa wananchi karibu dunia nzima. Marekani na New Zealand ndizo zinazojulikana kwa kuruhusu. Mwaka 2015 madaktari wa Marekani kupitia chama chao waliomba matangazo hayo yapigwe marufuku, na nawaunga mkono. Dawa inayotangazwa sana kwa kawaida ni mpya, na dawa mpya ndiyo tunayoijua kidogo kuliko zote.

Vioxx ilikuwa dawa ya maumivu ya viungo iliyotangazwa kwa nguvu. Iliingia sokoni mwaka 1999, ikaondolewa Septemba 2004 ilipothibitika kuwa inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wanaoitumia muda mrefu. Mwezi huo huo wa Septemba, wahariri wa majarida makubwa ya tiba walitangaza kwamba hawatachapisha jaribio la dawa lisilosajiliwa hadharani kabla halijaanza, ili kampuni isiweze kuficha majaribio yaliyokwenda kombo. Hiyo ndiyo haki ya kujua ninayoipigania.

Daktari, baada ya kuanza dawa mpya nilitokwa na vipele mwili mzima na midomo ikavimba. Niliacha, nikapona. Rafiki yangu anasema nitoe taarifa. Mimi si mtaalamu, na huenda ilikuwa kitu kingine. Nitaanzia wapi?

Toa taarifa. Huhitaji uhakika, shaka inatosha, na kuhakiki ni kazi ya wengine.

Fikiria hesabu. Dawa kabla ya kuruhusiwa hujaribiwa kwa watu mia kadhaa au elfu chache. Kama ina madhara yanayompata mtu mmoja kati ya 10,000, jaribio la watu 3,000 linaweza kumalizika bila kumwona hata mmoja. Ataonekana dawa ikishatumiwa na mamilioni, na ataonekana tu kama mtu ameandika. Baada ya thalidomaidi, Uingereza ilianzisha kadi ya njano ya kuripoti mwaka 1964, na mwaka 1968 nchi kumi zikaanza kukusanya taarifa zao pamoja chini ya Shirika la Afya Duniani. Leo taarifa hizo zinakusanywa Uppsala, Sweden, kutoka karibu dunia nzima. Ya kwako ikikutana na nyingine kumi zinazofanana kutoka nchi nyingine, kengele inalia.

Kwanza mwone daktari na umweleze, maana kuvimba midomo kunaweza kujirudia kwa ukali zaidi ukiimeza tena, na hilo liandikwe kwa maandishi makubwa kwenye faili lako. Kisha mwombe yeye, au mfamasia, ajaze fomu ya madhara ya dawa ya mamlaka ya nchi yako. Nchi nyingi zinakuruhusu kuijaza mwenyewe. Utaulizwa umri na uzito wako, jina la dawa na dozi, siku uliyoanza kuimeza na siku vipele vilipotokea, dawa nyingine zote ulizokuwa unatumia, na namba ya toleo, yaani ya fungu la dawa lililotengenezwa pamoja kiwandani. Namba hiyo watu wengi huikosa kwa sababu wametupa boksi. Iko ukingoni mwa boksi au kwenye karatasi ya vidonge, karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ipige picha. Vidonge vilivyobaki viweke kando, mbali na watoto, mpaka uambiwe kama wanavihitaji kwa uchunguzi, na uombe namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Miezi mitatu ikipita kimya, wapigie uulize imefikia wapi.